Ukoko wa Shingoni

Yeyote aliyepata kuingia katika jiko la mtu apikaye bia nyumbani kwake huko Marekani au Uingereza, hasa Jumamosi ambapo kimea cha shayiri kinatokota na harufu chungu ya hopsi, yale maua yatiwayo katika bia, imetanda mpaka kwa jirani, hatakosa kuiona pembeni chupa moja kubwa ya kioo, yenye tumbo pana, mabega ya mviringo, na shingo isiyopitisha zaidi ya vidole viwili vitatu. Humo ndimo hutiwa yale maji matamu ya kimea yakisha kupoa, yakaongezwa hamira, yakazibwa kwa kizibo chenye kijimrija cha kutolea hewa, na kuachwa wiki moja, mbili au zaidi hata yageuke kuwa bia. Watu hawa wakikutana, mazungumzo yao huwa juu ya kimea, na hopsi, na aina za hamira, na joto la chumba. Wala si rahisi kumsikia mmoja wao akijisifu kwa namna alivyouosha mtungi wake huo wa kioo, na hali wenyewe ndio wasemao kwa mzaha kwamba mpika bia hasa ni mwosha vyombo ambaye, akipata nafasi, hupika bia.

Najua ya kuwa miongoni mwa wasomaji wa gazeti hili wako wengi ambao dini yao imewaharimishia kinywaji hiki, nami sina nia ya kumvuta mtu katika asilolitaka. Lakini elimu ya kuosha chupa yenye shingo nyembamba haina madhehebu: mwenye kutengeneza siki, mwenye kuhifadhi asali au marashi, na mwenye kuuza maji ya matunda, wote hupambana na adui huyo huyo, na dawa yake ni ile ile.

Ada ya kupika bia nyumbani, ijapokuwa ni kongwe, imepita katika misukosuko ya sheria. Uingereza, tangu mwaka 1880, katika zama za Waziri Mkuu Gladstone, mwenye kupika kwake alilazimika kuwa na leseni, mpaka Waziri wa Fedha Reginald Maudling alipoifuta mwaka 1963. Marekani mambo yalikuwa mazito zaidi, maana marufuku ya ulevi iliyoanza mwaka 1920 ilipoondolewa mwaka 1933, wenye kutengeneza mvinyo majumbani mwao walipata ruhusa, lakini bia ikaachwa nje ya mlango. Na hivyo ndivyo ilivyokaa mpaka tarehe 14 Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia sahihi sheria iliyomruhusu mtu mzima kupika galoni 100 kwa mwaka kwa matumizi yake, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200. Mwaka ule ule, katika mji wa Boulder huko Colorado, Charlie Papazian na mwenzake waliasisi chama cha wapika bia wa nyumbani, na mwaka 1984 Papazian akatoa kitabu cha mafunzo kilichoenea kote. Majimbo ya Mississippi na Alabama ndiyo yaliyochelewa kuliko yote, kwani hayakulegeza kamba mpaka mwaka 2013.

Nimeyataja haya kwa sababu ndiyo yanayoeleza kwa nini mtungi wenyewe una umbo lisilomhurumia mwoshaji. Watu waliokuwa wakipika kwa siri, au kwa ruhusa mpya ambayo maduka hayajaizoea, hawakuwa na chombo kilichobuniwa kwa kazi yao. Walichukua walichokikuta, nacho kilikuwa ile chupa ya galoni tano, yaani lita 19 hivi, iliyotengenezwa kwa kuchukulia maji ya kunywa au dawa za viwandani, na kwa Waingereza ile ndogo ya galoni moja ya kwao, lita nne na nusu. Aliyeifanya chupa hiyo alitaka isimwagike njiani, basi akaipa shingo nyembamba. Wala hakufikiri hata siku moja kwamba atatokea mtu wa kuitia ndani yake kitu chenye kunata.

Na kinata kweli. Katika saa ishirini na nne za mwanzo, au zaidi kidogo, hamira inapoanza kula sukari, povu hupanda juu ya kimiminika, jeupe kwanza, kisha la rangi ya kahawia, na juu ya povu hilo huelea chembe za hopsi, protini za shayiri zilizogandamana, na hamira yenyewe iliyobebwa na viputo vya hewa. Povu hupanda mpaka mabegani mwa chupa, na pengine mpaka shingoni. Na likisha kufika hapo hukaa siku mbili tatu, likashuka, likaacha nyuma yake pete ya ukoko, yenye upana wa vidole vinne, ya rangi kati ya kijani na kahawia, chungu ukiionja, yenye mafuta ya utomvu wa hopsi ambayo maji baridi huyapita juu bila kuyagusa. Chini nako hulala mashapo, lakini hayo si kitu, hutoka kwa kusukwasukwa mara moja. Tatizo ni ile pete, nayo imechagua kukaa pale hasa ambapo mkono haufiki na jicho halioni vizuri kwa sababu ya kujipinda kwa kioo.

Uko pia uchafu wa namna ya pili, ambao mpika bia mgeni hautambui kabisa. Chokaa iliyomo katika maji hukutana na asidi ya oksaliki itokayo katika kimea, zikaungana na kufanya tabaka jembamba la kijivu lenye kukwaruza, ambalo watu wa viwandani huliita jiwe la bia. Halionekani mtungi ukiwa umelowa. Huonekana ukikauka, mfano wa ukungu usiofutika. Ukoko wa shingoni ni kitu kilichokuwa na uhai, na dawa yake ni magadi na jamaa zake. Jiwe la bia ni madini, na dawa yake ni asidi. Mwenye kuchanganya mambo haya mawili atasugua mpaka bega limuume, kisha ataulaumu mtungi.

Sababu ya kutaabika hivi tulifundishwa na Louis Pasteur. Mwaka 1871 Mfaransa huyo alikitembelea kiwanda cha bia cha Whitbread mjini London, akaomba aitazame hamira chini ya hadubini, akawaambia wenye kiwanda kwamba hamira yao imeingiliwa na vijidudu vingine; nao, ingawa waliona uchungu kuambiwa hivyo na mgeni, waliinunua hadubini yao wenyewe. Mwaka 1876 Pasteur akatoa kitabu chake juu ya bia na maradhi yake, na mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg huko Denmark, akafanikiwa kuotesha hamira safi kutokana na seli moja tu. Tangu hapo hakubaki mwenye hoja. Bia iliyogeuka kali kama siki, bia yenye harufu ya siagi iliyochacha, bia inayovutika uzi ikimiminwa, zote zina mwenye kuziharibu, na mwenye kuziharibu huyo aghalabu hujificha katika ukoko wa pombe iliyotangulia, akingojea sukari mpya.

Hapa ndipo wengi wanapopotea njia, kwa kudhani kwamba dawa ya kuua vijidudu itawaondolea kazi ya kuosha. Hasha. Hakuna tabibu amwagaye iodini juu ya kidonda chenye tope. Hulisafisha tope kwanza, kisha akatia dawa. Ukoko huwafunika vijidudu, na dawa ikimwagwa juu yake huua walio juu, ikawaacha walio chini salama kabisa. Tena uchafu wenyewe huila nguvu dawa kabla haijamfikia aliyekusudiwa. Kwa hiyo ziko kazi mbili, nazo hufuatana: kuosha mpaka kioo kibaki kitupu, na baadaye, siku ya kupika, kuua kisichoonekana.

Katika kuosha, saa ya kwanza ndiyo yenye faida kuliko zote. Bia ikisha kunyonywa kwa mpira na kutiwa chupani, mtungi hubaki umelowa na ukoko ungali laini. Na mwenye busara huutia maji hapo hapo, akausukasuka, akamwaga, kabla hata ya kuionja kazi yake. Akichelewa mpaka kesho, utomvu umekauka na kushika kioo, na kazi ya dakika kumi imekuwa kazi ya usiku kucha. Na katika kumwaga mna ujuzi mdogo unaofaa kutajwa: ukiupindua mtungi moja kwa moja, maji hutoka kwa mikupuo, glu, glu, glu, hewa na maji vikigombania mlango mmoja, lakini ukiuinamisha huku unauzungusha mara mbili tatu, maji huambaa ukutani yakizunguka, katikati pakafunguka njia ya hewa, na yote yakatoka kwa mfululizo mmoja bila kukurushia usoni.

Kisha huja dawa. Iliyoenea zaidi siku hizi ni unga mweupe uitwao pakaboneti ya sodiamu, ambao huuzwa peke yake au ndani ya sabuni za unga za kutolea madoa, na ambao ndio mhimili wa dawa nyingi za wapika bia. Ila mwenye kununua ya dukani kwa ajili ya nguo na atafute isiyo na manukato, kwa maana harufu ya maua ikishika chupani huingia katika bia. Unga huo ukikutana na maji ya moto huachana vipande viwili: magadi, ambayo huyeyusha protini na utomvu wa hopsi, na haidrojeni peroksaidi, ambayo hutoa hewa ya oksijeni kwa viputo vidogo vidogo vyenye kuingia chini ya ukoko na kuubandua. Kijiko kikubwa kimoja kwa kila galoni hutosha. Maji na yawe ya vuguvugu ambayo mkono waweza kuyavumilia, na mtungi ujazwe mpaka shingoni. Nasema mpaka shingoni kwa sababu wako watu wajazao nusu, wakatikisa kwa bidii, wakashangaa kuona pete ipo vile vile, na hali dawa haikuigusa ila kwa matone. Asiyetaka kupoteza dawa nyingi na atie mtungini lita chache za dawa hiyo, auzibe mdomo, kisha ausimamishe kichwa chini ndani ya ndoo, ili mabega na shingo, penye ukoko, vizame, na tumbo lisilo na ukoko libaki kavu. Baada ya hapo mtu na aende zake. Saa moja hutosha ukoko mpya. Wa zamani huachwa mpaka asubuhi, na asubuhi huonekana vipande vya kahawia vikielea vyenyewe, pasipo mkono wa mtu kuvigusa. Naliona jambo hili kuwa ndilo gumu zaidi kuwafundisha watu wenye nguvu, kwamba pale pasipofika mkono, muda hufika.

Magadi, kwa msomaji wa Afrika Mashariki, si kitu cha kuelezwa; mama zetu wameyatia katika kunde na maharage ili yaive upesi, na wazee wameyachanganya na ugoro. Lakini pengine si wote wajuao kwamba kioo chenyewe ni mtoto wa magadi, maana kioo cha kawaida ni mchanga, chokaa na magadi vilivyoyeyushwa pamoja katika tanuri, na bila ya magadi mchanga usingeyeyuka ila kwa moto mkali mno. Magadi ya Ziwa Magadi nchini Kenya, yachimbwayo huko na kampuni iliyoundwa mwaka 1911, yameuzwa ng'ambo miaka mingi kwa ajili ya viwanda vya vioo. Basi mpika bia anapotia dawa yake ndani ya mtungi, anakiosha kioo kwa kitu kile kile kilichokizaa.

Kabla ya dawa hizi, na hata sasa kwa wasiozipata, watu walitumia vitu vya kukwaruza. Wengine hutia konzi ya mchele na maji kidogo, wakazungusha. Wengine mchanga, ingawa mchanga huacha mikwaruzo. Wengine mnyororo mwembamba wa shanga za chuma, ambao unapovurugwa huparuza ukuta na hutolewa wote kwa mara moja. Waingereza wa zamani walioshea chupa za mvinyo kwa risasi ndogo za bunduki za kuwindia ndege, desturi mbaya sana, kwani risasi moja ikinasa chini ya chupa huiacha sumu yake ndani ya kinywaji. Iko burashi ndefu yenye shingo ya waya iliyopindwa, nayo hufaa mabegani, lakini waya wake ukiwa uchi huchora kioo, na kioo kilichochorwa hupasuka mapema. Siku hizi wako hata wafungao vitambaa viwili kwenye ncha ya fimbo, wakaitia katika keekee ya umeme na kuizungusha ndani ya mtungi. Inasafisha, sikatai, lakini kuyaweka pamoja maji, umeme na kioo si jambo ninaloweza kumshauri mtu.

Namna ya kujua kama mtungi umetakata ni kuutazama maji yanapoteremka. Suuza kwa maji safi, uinamishe kwenye mwanga wa dirisha, na uangalie ukuta wa ndani: kioo kisafi hushika maji kwa shuka moja jembamba lisilokatika, lakini penye mafuta au ukoko, maji hukatika, yakajikunja kuwa matone, na kuacha mahali pakavu. Ukiuona utando mweupe baada ya kukauka, usirudie magadi, kwa sababu huenda utando huo ni kazi ya magadi yenyewe yaliyokutana na maji yenye chokaa nyingi. Tia siki iliyochanganywa na maji, au asidi ya ndimu, na utaondoka kwa dakika chache. Jiwe la bia nalo hushindwa na asidi, ila lahitaji subira zaidi.

Kuua vijidudu ni jambo jepesi kulinganisha na hayo, na hufanywa siku ya kupika, si siku ya kuosha. Wamarekani wengi hutumia dawa ya asidi ya fosforiki iliyochanganywa na sabuni yake maalumu. Hutoa povu jingi la kutisha, lakini povu hilo halidhuru, na wala mtungi hausuuzwi tena, kwa maana kiasi kinachobaki hakina ladha. Wengine hupenda iodini, ambayo ina fadhila ya kuonyesha nguvu zake kwa rangi, kwani ikififia rangi imekwisha kazi. Ama jiki, ambayo ni rahisi na ipo kila duka, inaua vizuri, lakini ina aibu yake: klorini ikibaki hata kidogo mno huungana na vitu vilivyomo katika kimea, ikatoa harufu ya hospitali isiyotoka tena katika bia ile. Na atakayetumia jiki na aiweke mbali kabisa na siki na asidi nyingine zote nilizozitaja, maana zikichanganyika hutoka gesi ya klorini, ile ile iliyotumiwa vitani huko Ypres mwaka 1915, na chumba cha kuoshea vyombo si mahali pa kukutana nayo.

Sina budi kusema neno juu ya hatari ya kioo chenyewe. Mtungi wa galoni tano ukiwa mtupu una uzito wa kilo tano au sita. Ukijaa ni kilo 25, na umelowa, na hauna mpini. Wengi walioumia hawakuumia kwa kupika bali kwa kuosha: mikono ina sabuni, sinki ni la chuma au la kauri, mtungi ukagonga ukingo, ukapasuka kwa vipande vikubwa vyenye makali, na kano za vidole zikakatika. Kioo hiki kinene hakipendi pia kushtushwa na joto. Maji yanayochemka yakimiminwa ndani, upande wa ndani hutanuka kabla ya ule wa nje kupata habari, na chini hukatika mzunguko mzima. Kwa hiyo kanda la mpira huwekwa sinkini, mtungi hubebwa ndani ya kreti ya maziwa au kwa mikanda iliyoshonwa kwa kazi hiyo, na maji ya moto huongezwa kwa awamu. Hata kuondoa hewa kuna hatari yake, maana chembe za hopsi zikiziba kijimrija povu likiwa linapanda, kizibo huruka mpaka darini na jiko zima hulowa.

Kwa sababu hizo wako wapika bia wengi waliovihama vioo, wakaenda kwenye ndoo za plastiki au mapipa ya chuma kisichoshika kutu. Siwalaumu, na mwenye watoto wadogo nyumbani pengine ndiye aliyeamua sawa. Lakini plastiki ikisuguliwa huchubuka, na ndani ya mchubuko vijidudu hupata nyumba ambayo dawa haiifikii, kwa hiyo ndoo hiyo ina umri wake na lazima itupwe. Chuma ni kizuri ila bei yake si ya kila mtu, na hakikuonyeshi kilichomo. Mimi ningemshauri anayeanza, kama atachagua kioo, auweke mtungi mahali pamoja na asiuhamishe ukiwa umejaa, bali ainyonye bia kwa mpira pale pale ulipo, aufunike kwa kitambaa kizito kwa sababu mwanga wa jua huiharibu hopsi na kuipa bia harufu ya kicheche, na akisha kuuosha aukaushe kwa kuusimamisha kichwa chini juu ya kigingi imara, si juu ya meza, kisha aufunge mdomo kwa karatasi ya foili ili vumbi na mende wasiingie. Na kila mara kabla ya kuutumia aupitishie tochi toka chini kwenda juu. Akiona ufa, hata ule wa unywele tu, mtungi huo haufai tena kwa bia wala kwa maji. Na auzungushie blanketi kuukuu kabla ya kuutoa nje, mchukua taka asije akajikata.